Wimbo wa Kumtoa Naisula

Kajiado, 3 Agosti 2025

Ndugu yangu Dennis,

Supa. Natumai wewe, Priscilla na watoto mko salama. Sisi huku ni wazima, ng'ombe pia, ingawa nyasi imeanza kwisha. Naandika barua kwa sababu sitaki kupiga simu nikasikia hiyo sauti yako.

Kule Isinya, kwa sherehe ya dada yetu Seleyian, nani alikuambia uanzishe wimbo? Mimi nilienda kunywa maji tu. Kurudi, nakuta wanaume wote wanakuitikia, na wazee wanaulizana, "Huyu Dennis alikuwa amejificha wapi?" Tangu baba alale asiamke, olaranyani wa boma letu ni mimi. Mimi naanzisha, nyinyi mnaitikia. Halafu nasikia sauti yenyewe umepewa na simu! Baba ya watoto watatu anaitolea simu ulimi kila asubuhi!

Desemba namwoza binti yangu Naisula. Wimbo wa kumtoa nyumbani ni wangu. Ukija, simama nyuma.

Kaka yako,
Metito

Kitengela, 16 Agosti 2025

Kaka yangu Metito,

Ipa, kaka. Barua yako nimeipata kwa Wahome wa gari la maziwa. Tuko wazima, na Priscilla anauliza kama goti lako limepona.

Mimi sikutafuta sauti. Nilikuwa nasinzia dukani mpaka wateja wanajipimia misumari wenyewe. Priscilla akaniambia nikilala pumzi inakatika, kimya kabisa, halafu nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Daktari alinipima, akasema koo langu hulegea na kuziba, ila si vibaya sana. Nipunguze mwili na nifanye mazoezi ya koo. App ndiyo inaniongoza. Nabandika ulimi kwenye kaakaa, naurudisha nyuma, nanyonya mashavu, nasema "aaa" mpaka simu iridhike. Ni nusu saa kila siku, na huu ni mwezi wa tano. Usingizi ulirudi, na sauti ikaufuata kama ndama.

Lakini kaka, usikasirike. Siku ile ya Seleyian ulilala kwa kiti baada ya kula, na pumzi yako ilikatika. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili. Unakumbuka vile baba alituacha. Tafadhali nenda hospitali. Nampa Wahome simu yangu ya zamani akuletee, app iko ndani.

Ndugu yako mdogo,
Dennis

Kajiado, 24 Agosti 2025

Dennis,

Salamu kwa Priscilla. Huku tuko wazima. Mimi hasa, mzima kabisa.

Kumbe sasa unahesabu pumzi zangu? Umechukua wimbo Isinya, na sasa unataka nionekane mgonjwa ili uchukue na harusi. Baba alikoroma mpaka mbwa wakabweka, na hakuna aliyemtuma kwa daktari. Simu yako iko kabatini, na itakaa huko. Usiniandikie tena.

Metito

Kajiado, 9 Novemba 2025

Ndugu yangu Dennis,

Supa. Watoto hawajambo? Priscilla je? Umenyamaza kama nilivyokuamuru, na hilo nalo limeniudhi.

Wiki mbili zilizopita wakwe walitoka Mashuuru kuja kupanga harusi. Mzee wao aliongea kwa urefu, jua lilikuwa zuri, na mimi nikalala. Mbele ya wakwe, Dennis! Nilizinduka watu wakipiga makofi, mzee amenishika mkono: "Asante, mkwe, kwa kukubali." Kukubali nini? Kumbe waliomba wimbo wa kumtoa Naisula uongozwe na yule ndugu yangu wa Kitengela. Waliniuliza mara mbili, na mara zote mbili kichwa changu kikainama. Ningesema nini, kwamba nilikuwa nimelala? Neno la mwenye binti likishapita mbele ya wazee halirudi.

Wageni walipoondoka, Mama Naisula aliniambia kichwa hakikuwa shida. Pumzi ilikatika, ikakawia, mpaka akanifinya. Alikuwa analia. Nilimkumbuka baba, na kesho yake nikaenda hospitali. Yangu ni mbaya kuliko yako. Hata kwa ugonjwa nimekupita. Nimepewa mashine ya kuvaa usoni nikilala, na daktari akasema mazoezi ya koo pia yatasaidia, bora nisiache mashine.

Kwa hivyo simu imetoka kabatini. Leo ni siku ya tisa. Natoa ulimi nikiwa zizini na ng'ombe wananitazama.

Ongoza wewe wimbo wa Naisula. Nitasimama nyuma niitikie, na wivu utaniuma, sikufichi. Unaniuma hata sasa. Lakini asubuhi nikisikia uvivu, nakukumbuka pale Isinya mbele ya wale wanaume, naamka mara moja. Basi imba vizuri. Usinihurumie.

Ila siku kijana wako mkubwa atakapooa, wimbo ni wangu. Najua bado yuko gredi ya pili. Nitangoja.

Kaka yako,
Metito