Matofali Aliyoyachoma Baba Mdogo

Baba, nakusalimu: mwakeye.

Jumamosi tuliganduka. Ndugu walikuja kutoka Gwarama na Nyabibuye, tukamaliza matanga yako, Mama akavua kitambaa cheusi. Leo wote wameondoka na nyumba imekuwa kimya mno, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nina habari ambayo ungeikasirikia kwanza, halafu ungecheka. Vile vyumba viwili ulivyoviacha kwenye msingi vimekwisha, na kwenye kuta zake hakuna tofali hata moja la kuchoma.

Unakumbuka ulivyonitania tangu nilipoanza kufundisha ujenzi pale chuo cha ufundi. "Tofali bila moto ni tope lenye kiburi," ulikuwa ukisema. Mimi nakueleza kwamba lina saruji kidogo, linashindiliwa kwa mashine, linamwagiliwa maji mpaka likomae, na halili msitu. Wewe unatikisa kichwa na kurudi kwenye tanuri lako. Ulikulia ndani ya nyumba ya tope kambini kwa wakimbizi, ukaapa kwamba wanao watalala kwenye tofali jekundu. Nilikuelewa, Baba. Shida ni kwamba Kasulu nzima inafikiri kama wewe.

Shida hiyo ilimwangukia Spesioza. Ni yule mwanafunzi wangu niliyekuja naye Krismasi, mrefu, asiyecheka ovyo, ukamwambia ana mikono ya mwanamume na yeye akakushukuru. Alimaliza vizuri kuliko wenzake wote, akauzunguka mji na cheti chake. Mwenye duka la vifaa pale stendi alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Binti yangu, hizo ni nyumba za kambini." Wengine hawakumpa hata hiyo chai. Akarudi kwao kukaanga maandazi. Mkuu wa chuo naye akaniita ofisini: stadi hizi za kijani ni nzuri, lakini kama vijana wake hawaajiriwi, mwakani mashine inaingia stoo. Stadi za kijani, ndivyo zinavyoitwa siku hizi. Najua ungeniuliza kijani kiko wapi kwenye udongo mwekundu.

Basi likaja suala la kuganduka. Wageni wangelala wapi? Baba mdogo Lazaro, mdogo wako huyu asiyeweza kuona pengo bila kuliziba, akasema ataleta magogo, achome matofali, amalize nyumba ya kaka yake. Mama alimwacha amalize kuongea. Kisha akasema, "Lazaro, sitaki moshi tena kwenye ua huu." Hospitali walisema kilichokuchukua ni kifua, Baba, hawakusema ni moshi, na sisi hatukuwahi kulizungumza. Siku ile alilizungumza. Akanigeukia, akaniambia nimlete yule msichana.

Spesioza alikuja na wenzake wawili na mashine ya chuo. Udongo tuliuchimba kule chini karibu na migomba, na kabla ya kuchanganya nilitia kidogo mdomoni, nikausaga kwa meno kusikia mchanga, kama ulivyonifundisha. Vijana wakanishangaa. Chuoni tunapima kwa chupa ya maji, tukiangalia mchanga unavyotua chini, na chupa ilisema vilevile. Walifyatua, wakapanga kivulini, wakafunika kwa nailoni, na kila asubuhi Spesioza alikuja kumwagilia kama anayelea miche.

Matofali yalipokomaa, mimi na Mama tukaenda Gwarama kualika ndugu, tukalala huko. Tunarudi, nauona moshi tangu barabarani. Nikafikiri jirani anachoma majani. Hapana. Baba mdogo alikuwa ameyapanga matofali yetu yote vizuri kabisa, akaacha midomo ya moto chini, akakandika tope kwa nje kama mlivyozoea ninyi wawili, akawasha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso mweusi kwa masizi, anatusubiri tumshukuru. Alisema hakuweza kuvumilia shemeji yake aaibike mbele ya ukoo kwa kujengewa matofali mabichi. Lile lilikuwa deni lake kwako, alisema.

Mama aliingia ndani, akafunga dirisha. Tanuri lilipopoa tukalibomoa. Ukishika tofali linamomonyoka mkononi kama ugali mkavu, kwa sababu saruji haitaki moto ule. Spesioza alikuja, akaokota kipande, akakisugua kati ya vidole. Nilijua anachofikiri: kazi yake ya kwanza ilikuwa imekufa, na hakukuwa na ya pili. Yeye akamwamkia Baba mdogo kwa adabu, shikamoo yake kamili, kisha akamwambia, "Baba, nisaidie mkono wa mashine. Wewe una nguvu."

Wewe unamjua Lazaro. Hajawahi kuomba radhi kwa mdomo. Alivua shati. Tangu siku hiyo alikuwa anafika kabla ya vijana, anavuta ule mkono mpaka jioni, na polepole akaanza kuuliza maswali. Kwa nini maji kidogo hivi? Kwa nini kivulini? Spesioza alimjibu yote bila kumcheka. Mvua zilianza kuta zikiwa wazi, paa bado. Baba mdogo alisimama barazani akizitazama kuta, anangoja ziyeyuke. Mvua ikapita. Akaenda akaupiga ukuta kofi, kama mtu anavyompiga ng'ombe mzuri mgongoni, akaenda zake kunywa chai.

Jumamosi ndugu walijaa ndani ya vyumba vile, na kama kawaida yetu msemaji wa ukoo alikuwa Lazaro. Alikushukuru, akamshukuru Mungu, akamshukuru Mama. Halafu akawaeleza wote, bila kuruka hata sehemu ya masizi, jinsi alivyochoma matofali yaliyokwisha kuiva. Watu walicheka mpaka wazee wakajifuta macho. Walipotulia akasema matofali ya nyumba ya kijana wake kule Gwarama hayatachomwa, na atakayeijenga amekaa pale nyuma, karibu na mlango. "Fundi," akamwita, "simama wakuone." Spesioza akasimama. Hakutabasamu, akaificha mikono yake ndani ya kitenge. Mama hakulia makaburini, Baba. Alilia hapo.

Spesioza aliondoka jana kwenda Gwarama na mashine, juu ya lori la mahindi, na wenzake wote wawili. Mkuu wa chuo amesema tutaona. Nakuahidi, kila kijana anayepita mikononi mwangu nitamtafutia ukuta wa kujenga, hata ikibidi tuwajengee ndugu zetu wote kwanza, mmoja mmoja, mpaka watu wa mjini waone aibu.

Pumzika sasa, Baba. Vyumba ni vizuri. Natamani ungekuja kuvikosoa.

Binti yako,
Evelina