Nani Anaitwa Mpole

Jumapili, 11 Julai 1993

Bado nina hasira, wala sitaki itulie.

Mdogo wangu Stella alikuja jana jicho limevimba. Mumewe, tangu shirika lao lilipompunguza kazi, uchungu wote anaumalizia kwa mkewe. Leo baada ya ibada wazee wakaja naye hapa kwangu Nkuhungu kusuluhisha. Baba mdogo akaanza: "Stella mwanangu, rudi kwako. Mwanamke ni upole."

Kisha akamgeukia mume, aliyekuwa anapuliza chai kimya: "Na huyu mkwe wetu ni mpole. Shetani tu alimpitia."

Nilishindwa kuvumilia.

"Nisamehe, baba mdogo. Stella amenyamaza kwa woga, mnamwita mpole. Huyu amenyamaza kwa kuwa mnamtazama, naye mpole! Mpole ni mwenye ngumi asiyeitumia. Humu ndani simwoni."

Ndipo Stella akasema, taratibu kabisa: "Sirudi."

Shemeji akainuka, akaipiga meza hadi vikombe vikaanguka. "Utarudi!"

Wote walimwona. Baba mdogo alikaa akiitazama chai inavyotiririka sakafuni, halafu akasema, "Nenda, mkwe. Binti atabaki hapa."

Ilibidi vikombe vivunjike ndipo waamini. Jicho la mtoto wao halikutosha!

Naogopa atakuja kesho nikiwa kazini. Jirani ameahidi kusikilizia mlango. Na ukoo utanisema kwamba sina adabu. Waseme. Stella amekula ugali, akaomba kuongezewa.