Kitabu cha magonjwa ya maharage

Theo, waache wateja wa hapo Muyinga kwanza unisome. Nimetoka maktaba ya chuo, nimefika nyumbani sasa hivi.

Yule Ghislaine, Mkongomani wa maktaba anayesaidia wanafunzi na mémoire zao za kumaliza chuo. Elias wangu kila Jumanne yuko mezani kwake. Leo nikamfuata, nikajibanza nyuma ya rafu.

Vichwa vimekaribiana. Yule dada anauliza tu, polepole. "Juu ya mashamba ya waliorudi, we unatafuta kujua nini hasa?"

Na Elias anajibu. Elias, ambaye mimi maneno namvuta kama ndoo ya kisimani. Anamweleza shamba la baba yake kule Itaba, walivyorudi kutoka ukimbizini Tanzania wakakuta jirani amejenga katikati, mama yake akapiga magoti akiomba angalau kaburi la bibi lisilimwe.

Analia, Theo. Mbele ya yule.

Mimi aliniambia shamba waliliuza. Miaka yote hii, waliliuza.

Nikatoka nimewaka, nikasimama mbele yao. Ghislaine akaniangalia kwa upole uleule.

"Na we dada, unatafuta nini?"

Nikasema kitabu.

"Kitabu gani?"

Nikachomoa cha kwanza rafuni bila kutazama, basi niko na kitabu cha magonjwa ya maharage, Kifaransa kitupu. Elias amenibebea mpaka nyumbani. Njia nzima nilitaka kumuuliza habari za Itaba.

Nikamuuliza kama amekula.