Mapipa Ishirini ya Dugald

Islay, 3 Machi 1979

Kwa binti yangu mpendwa Una,

Pokea salamu zetu sote. Sisi huku kisiwani tu wazima, wasiwasi ni kwako wewe huko mjini Leith. Bibi yako Peigi anakusalimu, goti linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa. Kaka yako Niall anakusalimu, anashusha magunia ya shayiri gatini mpaka mgongo umempinda. Shangazi Ealasaid anakusalimu, anauliza kama unavaa sweta. Ng'ombe naye amezaa, ndama jike.

Baba yako hakusalimu. Sitakuficha.

Jumatatu meneja alimwita ofisini akamsomea barua ya kampuni yenu mnakoonja wiski, kuhusu yale mapipa ishirini aliyoyajaza kwa mkono wake mwaka ulioanza shule. Wiski ile ingefaulu, ingeuzwa kwa jina la kiwanda chetu, peke yake. Sasa itachanganywa na za watu wengine na jina litapotea, na baba yako anastaafu Mei. Barua inasema wiski ina harufu ya chumvi, moshi, kamba ya mashua iliyolowa. Halafu inasema sabuni. Sabuni, Una! Meneja aliinusa sampuli ilipochotwa pipani, hakusikia sabuni.

Jina la mwonjaji halikuandikwa, lakini hiyo kamba iliyolowa ni maneno ya nyumba hii. Baba yako ndiye aliyekufundisha kunusa ghalani, ukiwa huna hata meno ya mbele. Anasema, "Anataka wakubwa wa Leith waone kwamba hapendelei kwao." Nikitaja jina lako mezani anainuka kwenda kuwalisha mbwa. Mbwa wamenenepa.

Mwanangu, ulisikia nini? Neno hilo haliwezi kufutwa?

Mama yako,
Effie

Leith, 8 Machi 1979

Mama mpenzi,

Nawaamkia wote, bibi kwanza. Mimi mzima, sweta ninalo.

Hapa tunaonja kwa namba, Mama, chupa hazina majina. Kwangu ilikuwa thelathini na moja tu. Nilitia maji kidogo, nikanusa, nikajikuta kwetu: mwani, moshi wa jikoni, kamba. Nilifurahi, nikanusa tena. Kisha ikaja sabuni, tena siyo sabuni yoyote, ni ile ya kijani unayofulia mashuka. Nikajiambia, Una, umekumbuka nyumbani, pua inakudanganya. Nikatoka nje, nikarudi, mara tatu. Ilikuwa bado ipo. Nikaiandika.

Kulifuta siwezi. Wangenifukuza, nami ningestahili. Lakini nikuulize, na usikasirike: zile chupa za sampuli zilipita nyumbani kabla ya kujazwa? Bwana Rennie, mkubwa wangu, atakubali sampuli mpya ikifika kabla ya tarehe ishirini, ila mkuu wa ghala aeleze sababu kwa mwandiko wake. Yaani baba.

Mwanao,
Una

Islay, 13 Machi 1979

Una mwanangu,

Hatujambo, goti la bibi limetulia, wote wanakusalimu.

Ni mimi. Baba yako alizileta Jumamosi moja kabla ya kuzijaza, zina vumbi na harufu ya pombe kuukuu, nikaona aibu ziende Leith hivyo. Nikaziosha kwa maji moto na ile ya kijani, nikazisuuza mara tatu, Mungu ananiona. Kumbe wao chupa husuuzwa kwa wiski yenyewe, basi. Miaka thelathini na minne ya ndoa hakuniambia, nami sikuuliza.

Barua yako ilikaa siku nzima mfukoni mwa aproni. Jana nikamwambia akiwa anavua viatu. Akabaki na kimoja mkononi.

"Uliziosha."

"Zilikuwa chafu, Dugald."

"We mwanamke, siku nikifa utanifua kabla hawajanizika!"

Bibi yako akadakia kule kwenye kiti chake, "Na atakuwa na kazi kweli."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Alikitazama kile kiatu.

"Niliinusa wiski kabla ya kuziba chupa," akasema. "Mimi mwenyewe, Effie. Sikusikia kitu."

Nikamwambia labda ni mafua. Akasema hana mafua.

Leo asubuhi amekaa mezani akaandika, akachana, akaandika tena. Amenisomea. Inasema chupa iliharibikia nyumbani kwake, yeye hakugundua, na aliyegundua alisema kweli. Mimi hakunitaja. Nilimwambia nitaje, akasema chupa zilikuwa mikononi mwake. Kisha akaenda ghalani kuchota sampuli nyingine, na Niall ataikabidhi kwa nahodha wa feri kesho.

Nimemuuliza nikuambie nini. Amesema usimsaidie, andika unachosikia. Na amesema safari hii haendi ofisini kusomewa na meneja. Anataka asikie kwako kwanza, hata ikiwa mbaya.

Basi ukishaionja tu, mwanangu, kabla hata hujaosha glasi, tuandikie. Usingoje Jumapili. Posta ya kwanza.

Mama yako,
Effie