Kibao cha Namba Kumi na Nne

Kwa swahiba wangu Fundi Cherehani,

Salamu nyingi kwako na kwa bintiyo aliyekupa chumba, na kwa mumewe pia, ingawa najua huyo hapendi barua zangu. Natumaini kifua kimetulia. Mimi sijambo. Goti linalalamika, lakini lilianza kulalamika tangu ujana wetu, silisikilizi tena.

Basi kaa vizuri usikie: tumeshinda. Mwenye nyumba amesalimu amri mbele yangu, wageni wake wa siku mbili tatu wamefukuzwa, nawe funga cherehani urudi namba kumi na nne.

Haya, nimedanganya. Nilitaka ufurahi kwa mistari miwili, kisha nikakumbuka unaweza ukaanza kufunga mizigo kweli.

Ukweli ni huu. Tangu mwenye nyumba akutoe ili makao yako ayakodishe kwa usiku mmoja mmoja, ametoa wapangaji wengine watatu kwa njia ileile. Ndipo nesi wa ghorofa ya juu akatuita sebuleni kwake, tukaunda kamati ya kumpinga. Yeye ni mwenyekiti. Mimi nikapewa kazi ya macho, niandike kila mgeni anayeingia, kwa sababu, alisema, sina shughuli. Nilitaka kubisha, nikakosa shughuli ya kutaja. Unajua mwandiko wangu, shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe. Mgeni mmoja nimemwandika hivi: mwanamke, mkoba kama jokofu.

Tukapeleka malalamiko ofisi ya serikali ya mambo ya nyumba, na hoja yetu kubwa ilikuwa mimi. Nesi aliandika kwamba wageni hupotea, humgongea mzee wa watu asubuhi na jioni wakidhani kwake ndiko walikokodi, na mzee hana raha. Aliponisomea, nilikaribia kujililia mwenyewe.

Afisa alikuja wiki iliyopita, mama mpole mwenye viatu vinavyolia. Alisimama katikati ya korido, akatazama mlango wangu, akatazama wako, akauliza mbona kumi na nne haina kibao cha namba. Mwenye nyumba akajibu kwamba ameshaweka vibao vitatu na vyote vimeng'olewa. Afisa akasema kama ni hivyo, kosa ni la kibao, si la wageni, na malalamiko yetu yatalala mpaka ajulikane mng'oaji. Jioni ile kamati ikaamua kwamba ni mlinzi wa lango, kwamba amehongwa ili atuharibie. Mlinzi aliapa mpaka mate yakamkauka. Nesi amesema Ijumaa afisa akirudi atamtaja, na mlinzi mwenyewe ajue kazi imeota mbawa.

Fundi, vibao vyote vitatu viko kwangu. Viko ndani ya sufuria kubwa, ile ambayo tangu mama watoto atutoke sijapata sababu ya kuipikia.

Cha kwanza sikukitoa kwa hila. Kilikuwa kimelegea, nikakishusha, nikaingia ndani kutafuta skrubu. Mlango wangu ulikuwa haujagongwa siku arobaini na moja, tangu uondoke. Hapo ukagongwa. Ni yule mwenye mkoba kama jokofu. Aliniita baba, akaomba radhi kwa kuchelewa, kana kwamba nilikuwa nikimngoja. Nikamwambia hakuna neno, pita. Alikalia kiti chako, akanywa chai, akanisimulia ugonjwa wa mama yake, na alipouliza kitanda kiko wapi ndipo nilipomwonyesha mlango wako, ule unaotazamana na wangu. Alicheka sana. Baada ya hapo sikuitafuta tena skrubu. Vile viwili vingine nilivifungua kwa bisibisi, nikiwa na akili zangu timamu.

Nimekunywa chai na watu kumi na tisa. Mmoja alidhani mimi ni sehemu ya huduma, akaniachia shati nimfulie. Nililifua. Lakini hakuna aliyerudi kunijulia hali, hata mmoja. Wakishafunga mlango wako nilikuwa nawasikia wakicheka wao kwa wao, pale ambapo nilizoea kusikia cherehani.

Nilijua kabisa kwamba wakifukuzwa utarudi. Ila wewe ulikuwa mbali na chai ilikuwa karibu. Kwa hiyo mimi niliyepiga kelele kuliko wote urudi, ndiye niliyekuzibia njia.

Ijumaa nitasimama mbele ya afisa na vibao vyangu kabla mlinzi hajatajwa. Nesi atanitoa kwenye kamati, tena kwa maneno ya hospitali. Wengine sidhani kama watanisalimia ngazini. Huenda malalamiko yakafa kabisa na wewe usirudi tena. Ukitaka kunitukana, nimekuachia nafasi nyuma ya karatasi.

Wasalimie wajukuu, na mkwe usimsahau.

Jambo moja dogo, na hili ni deni lako. Siku niliyokubebea cherehani ghorofa tatu mpaka chini, uliahidi kunipunguzia kiuno cha suruali yangu ya kijivu, kisha ukaondoka nayo. Siwezi kuungama mbele ya serikali huku nimeshikilia suruali kwa mkono. Ipunguze, nayo inifikie kabla ya Ijumaa. Usiitume kwa basi, hupotea. Ilete mwenyewe.

Ni mimi rafiki yako,
Redio Mbao,
namba kumi na tatu