Mguso Niliouona Nikaukana

Bi Verna mpendwa,

Nimekuwa nikisoma ukurasa wako wa ushauri tangu ulipoanza kuandika katika gazeti letu la wilaya, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa mezani kwangu, chai imepoa mbele yangu, nikikuomba msaada mimi mwenyewe, lakini nimefika mahali ambapo sijui pa kugeukia na sina mtu wa kumwambia ambaye hamjui kila mmoja ninayetaka kumtaja.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, ninaishi hapa kwenye miwa, kusini kidogo mwa mji wa Mackay, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikichezesha mpira wa kugusa, ule wa kukimbia na mpira mikononi ambao ukiguswa tu lazima usimame, katika klabu yetu, kila Jumatano jioni, majira ya mvua na majira ya kiangazi, na nimetukanwa kwa kila namna, nimeulizwa mbwa wangu wa kuniongoza nimemwacha wapi, nimeambiwa nikanunue miwani, na sikujali hata kidogo, kwa sababu nilijua moyoni kwamba nikipuliza filimbi nimepuliza nilichokiona. Huo ndio uliokuwa utajiri wangu, Bi Verna.

Mwezi wa saba tulimpoteza Tamsin. Alikuwa na miaka ishirini na minne, muuguzi, mchezaji wa pembeni wa timu ya Popo, msichana wa kucheka hata akiwa amefungwa alama tano. Gari lake lilipinduka akitoka kazini, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Mama yake, Noelene, ndiye anayekaanga soseji na vitunguu kwenye banda la klabu kila Jumatano, na Jumatano iliyofuata mazishi alikuja kama kawaida, akafunga aproni, akawasha jiko, na hakuna aliyejua amwambie nini, tukapanga foleni tu tukinunua soseji tusizozitaka.

Popo wakaapa watachukua kombe la mwaka huu kwa ajili yake. Wakashona namba yake, tisa, kwenye mikono ya mashati yao. Wakafika fainali, na mimi nikapangwa kuwa mwamuzi wa kati.

Waliocheza nao ni Panya wa Kiwandani, timu ya wakulima wa miwa na watu wa kiwanda cha sukari, na nahodha wao ni Vince Galea. Kama humjui Vince, ni mkulima wa shamba la babu yake aliyekuja kutoka Malta, mtu wa maneno machache, na kwa miaka kumi na mmoja amewafundisha watoto wa chini ya miaka kumi bila kukosa Jumamosi hata moja. Mchezo wetu huu unategemea sana ukweli wa mchezaji, kwa sababu refa hawezi kuona kila kidole kinachogusa kila shati, na Vince nimemwona zaidi ya mara moja akisimama katikati ya mbio na kusema, "Nimeguswa, refa," wakati hakuna mwingine aliyeona.

Zilibaki sekunde chache. Sita kwa sita. Popo walikuwa wameshaguswa mara tano, na kwetu mguso wa sita unamaanisha mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira ukamfikia Darcy, kijana aliyekuwa amuoe Tamsin mwezi wa nne mwakani, akakata kuelekea ndani, na Vince akamrukia, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwenye mstari, Bi Verna, hatua nne kutoka kwao, na niliviona vidole vya Vince vikipita kwenye shati la Darcy, kiunoni, na shati likavutika kidogo na kurudi. Shati ni mguso. Vince akainua mkono, akapaza sauti, "Nimegusa!" akasimama, kama inavyotakiwa. Darcy hakusimama. Akaenda mita tatu zaidi, akaweka mpira chini nyuma ya mstari, ambako ndiko kufunga alama.

Waamuzi wenzangu wawili walikuwa nyuma ya mgongo wa Vince, hawakuweza kuona. Wote wakanitazama mimi. Na mimi nikatazama kule bandani, nikamwona Noelene ameshika koleo la soseji, amelinyanyua hewani, mdomo wazi, na nikapuliza. Nikatoa alama.

Kelele zile sijawahi kuzisikia kwetu. Watu wazima walikuwa wanalia. Vince akanijia polepole, akaniita kwa jina langu.

"Nimemgusa. Shati, hapa, kiunoni."

"Sijaona mguso, Vince."

"Ulikuwa unatazama."

"Nimesema sijaona. Rudi kwenye nafasi yako."

"Niangalie usoni," akasema, na wala hakupandisha sauti, "uniambie tena."

Sikumwangalia. Nikamtoa nje ya uwanja kwa kudai mguso wa uongo na kubishana na mwamuzi. Kesho yake nikajaza ripoti, na kwenye ripoti nikaandika kwa mkono wangu kwamba mchezaji alidai mguso ambao haukutokea. Kamati ikamfungia mechi nne, na tangazo likabandikwa kwenye ubao wa klabu.

Nilidhani yataishia hapo. Badala yake, Vince akiingia baa, vijana wanagusa glasi zao za bia na kupiga kelele, "Nimegusa! Nimegusa, refa!" Dukani mtu alimwambia, "Angalia usiguse mkate, Galea, utasema umeununua." Baba mmoja akamtoa mwanawe kwenye mazoezi ya Jumamosi, akamwambia mbele ya watoto wengine, "Sitaki wangu ajifunze kudai kitu ambacho hakipo." Jumamosi iliyofuata Vince hakuja. Hajaja tena. Watoto wale sasa hawana mwalimu, na nikipita karibu na shamba lake namwona kwenye trekta, hainui mkono kumsalimu mtu.

Mume wangu, Errol, nilimweleza yote. Akaweka uma chini. "Nyamaza," akasema. "Vince ni mtu mzima, atapona. Ukisema, utakuwa unamzika Tamsin mara ya pili, na mama yake akitazama." Na kweli, Bi Verna, kombe lile liko kwa Noelene, ameliweka sebuleni pamoja na picha ya binti yake.

Sasa klabu imeamua kunipa beji ya mwanachama wa maisha, kwenye chakula cha kufunga mwaka, tarehe nane Desemba. Na aliyeomba kunivisha ni Noelene mwenyewe. Alinishika mkono pale bandani akasema, "Wewe ndiye uliyetupa siku moja nzuri mwaka huu." Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikisema, namvunja mama aliyefiwa. Nikinyamaza, namwacha mtu mkweli aitwe mwongo hadi anakufa. Nifanye nini?

Mwenye Filimbi

*

Dada Mwenye Filimbi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikukasirikia, na ya tatu nikachukua kalamu.

Nianze na huruma, kwa sababu unastahili kiasi. Ule mpulizo wako naweza kuuelewa. Nusu sekunde, mama aliyefiwa mbele ya macho yako, uwanja mzima umeshika pumzi. Mimi nisingejiamini katika nusu sekunde hiyo, na anayesoma hapa akidhani angejiamini, namshauri ajichunguze kwanza. Ungekwenda kwa Vince jioni ile ile ukamwambia, "Nisamehe, moyo ulinishinda," nadhani angetikisa kichwa na kwenda nyumbani.

Ila ripoti siielewi. Uliiandika siku ya pili, umekaa, hakuna anayepiga kelele, na Tamsin hakuwa na haja yoyote na karatasi ile. Kuwapa Popo kombe kulihitaji filimbi tu. Kumwita Vince mwongo kwa maandishi ulikufanya kwa ajili yako mwenyewe, kwa sababu alikuomba umtazame ukashindwa. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Halafu unaniambia Noelene atavunjika. Umemuuliza? Mwanamke aliyewasha jiko wiki moja baada ya kumzika mtoto wake unamfanya yai. Nyote mmemzunguka kwa huruma kiasi kwamba hakuna anayemwambia kweli tena, na kufiwa kwa namna hiyo ni upweke mkubwa. Mimi nilizika mwana, dada, miaka mingi iliyopita, na waliokuwa wakininong'oneza walinichosha kuliko waliogombana nami. Mumeo ni mtu mwema na amekushauri vibaya. Mtu mzima haponi tu kwa sababu ni mtu mzima.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla wiki hii haijaisha.

Nenda kwa Noelene kwanza, nyumbani kwake, mchana, peke yako. Usipeleke maua wala keki. Mwambie ulichokiona na ulichokifanya, kisha unyamaze. Akikufukuza, ondoka. Akilia, kaa. Usimwambie ulifanya kwa ajili yake, maana utakuwa unamtwika yeye mzigo wako.

Siku hiyo hiyo, kabla habari haijakutangulia, nenda kwa Vince. Yeye usimweleze habari za huruma yako hata kidogo. Mwambie, "Uligusa, niliona, na niliandika uongo." Hayo yanatosha. Usimwombe msamaha kwa namna ya kumlazimisha akupe pale pale.

Kisha andikia kamati, kwa jina lako kamili, uombe barua hiyo ibandikwe kwenye ubao wa klabu, pale pale ilipobandikwa adhabu yake. Kombe ni kazi ya kamati kuamua, usiliseme. Darcy naye usimtaje. Kama alihisi vidole vile, yeye na dhamiri yake watamalizana, nawe huna haki ya kutubu kwa niaba ya mtu mwingine.

Beji ikatae. Hutakufa kwa kuikosa.

Verna

*

Bi Verna,

Nakuandikia tena kwa sababu baadhi ya wasomaji wako walikuuliza yaliishaje, na wameshajua ni mimi, kwa hiyo hakuna cha kuficha.

Noelene alinisikiliza amesimama, mgongo kwenye sinki. Nilipomaliza akapandisha sauti, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Tamsin alikuwa akikupigia kelele kila wiki! Kila wiki anakuja hapa anakusema! Unajua alikuwa anasema nini? 'Mama, yule hata umlilie vipi hakupi.' Alikuwa anajivunia hata kufungwa, mradi wewe ndiye refa!"

Nikasema najua. Akasema, "Hujui." Kisha akaenda sebuleni, akachukua kombe, akalifunga kwenye taulo la jikoni, akaniambia ninyanyuke tunakwenda. Nikamwambia kwamba kwa Vince nilitaka kwenda peke yangu. Akasema kombe haliko kwangu, liko kwake, na atalipeleka anapotaka. Tulikwenda kwa gari lake.

Vince alikuwa bandani kwake anatengeneza trekta, mikono imejaa grisi. Nilimwambia maneno matatu yale uliyoniandikia, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu nilikuwa nimeyakariri. Safari hii nilimtazama. Noelene akaweka kombe juu ya pipa, na taulo lake, akasema, "Hili ni lenu, Vince, mnapaswa angalau kuamua wenyewe," akarudi kwenye gari.

Kombe hakuligusa, na baadaye kamati iliandika fainali ile kuwa sare, majina ya timu zote mbili. Mimi nimefungiwa msimu mzima, na ni sawa. Barua yangu iko ubaoni. Watu wengine wameacha kunisalimu, na baadhi yao ni wale wale waliokuwa wakimcheka yeye.

Lakini nataka nikwambie alichosema Vince pale bandani, kwa sababu ndicho ninachokaa nacho. Alijifuta mkono wa kulia kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja, akautazama.

"Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sikumgusa," akasema. "Nyie wote mlikuwa na uhakika. Nikasema labda nilitaka tu iwe hivyo, labda mimi ndivyo nilivyo na sikujua."

Akakunja ngumi, akaifungua.

"Niliacha watoto kwa sababu hiyo. Nilidhani yule baba anasema kweli."

Jumamosi iliyopita nilisimama nje ya uzio wa uwanja. Alikuwepo. Walikuja saba tu kati ya kumi na nne, na alikuwa amepiga goti kwenye nyasi akiwaonyesha jinsi ya kugusa bila kusukuma.