Bwana Afya Ameanguka, na Mkwe Ameona

Jumamosi, Mkolani. Mvua imeanza asubuhi, ikapumzika mchana kidogo, ikarudi kama iliyosahau kitu. Nguo za mtoto zimeanikwa kwenye kila kiti cha nyumba hii. Nimekaa barazani na simu, miguu inarushiwa maji, na nina furaha ambayo haina pa kukaa.

Nimemwua Bwana Afya.

Sisi watu wa Muleba tunasemwa kwamba tunapenda kujisifu. Tunaitwa nshomile, wasomi wa kujitangaza, na kwa kweli hatujawahi kulikanusha hilo kwa nguvu. Basi leo naomba mnivumilie. Mtu akiangusha jitu lile halafu anyamaze, huyo ana tatizo.

Bwana Afya ni jina nililompa mimi. Katika gemu lenyewe ana jina refu la kutisha ambalo siwezi hata kulitamka. Ni jitu lenye nyundo ya mawe, linalinda lango la ngome, na linashuka bila taarifa kama bwana afya, yule mkaguzi wa usafi, anavyoshuka sokoni siku ambayo hukuvaa koti jeupe. Unaingia pale na upanga wako, unajiona shujaa, na kabla hujamaliza kujiona shujaa uko chini. Halafu unarudishwa mwanzo wa njia, ukatembee tena.

Ni kiporo changu cha muda mrefu kuliko vyote.

Viporo ndivyo ninavyoziita gemu nilizonunua kwa pupa, nikazicheza wiki moja, zikanishinda, nikaziacha. Likizo iliyopita shule zilipofungwa nilimwahidi mke wangu kwamba sitanunua gemu mpya hata moja mpaka niwe nimemaliza viporo vyote. Nilisema kwa sauti ya kiume, nikiwa nimeshiba. Kwetu kiporo cha ndizi hakitupwi, kinapashwa moto asubuhi na chai, na mara nyingine kinakuwa kitamu kuliko kilivyokuwa jana. Nikasema na gemu ni hivyo hivyo.

Na sizungumzii gemu za mpira. Jamaa zangu wa Kirumba wanacheza za mpira, wanatukanana, wanakunywa soda, wanaenda nyumbani kwa amani. Mimi nachagua zile ngumu za mapigano, zile ambazo kosa moja ni kifo. Nafundisha fizikia. Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba swali gumu halikuchukii, likalie tu. Nadhani nilitaka siku moja na mimi niwe nimelikalia moja mpaka likakubali.

Viporo viwili vya kwanza vililika vizuri. Kile cha mbwamwitu nilikimaliza kabla mke wangu, Mama Koku, hajajifungua. Kile cha jangwani nilikimaliza wakati yeye na mtoto wanalala mchana. Nikabaki na Bwana Afya mbele yangu, na nyuma yake gemu ya ninja ambayo siijui hata inaanzaje.

Ndipo mkwe alipokuja.

Mama mzazi wa mke wangu alikuja kutoka kijijini kwao Misungwi, ndani kabisa kupita Usagara, kumlea mzazi na kumbeba mjukuu wake wa kwanza. Alikuja na dengu, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuku wawili wenye hasira. Nilifurahi, tena sana. Nyumba bila mwanamke mkubwa wakati wa uzazi ni nyumba ya watu wawili wanaotazamana tu huku mtoto analia.

Lakini kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Kwetu pia heshima ya mkwe ipo, ila haifiki hatua ya kuhama sebule. Kwao inafika. Nikisalimia, nasalimia kwa mbali, uso pembeni: "Shikamoo mama." Naye anaitikia, uso pembeni: "Marahaba baba." Basi. Mengine yanapita kwa mke wangu.

Sasa tazama nyumba yetu ilivyojengwa. Vyumba viko upande mmoja na jiko upande wa pili, na katikati ni sebule. Mwenye nyumba huyu hakuwahi kuwa na mkwe. Kila mkwe anapotaka kwenda jikoni, anasimama nyuma ya pazia la koridoni na kukohoa. Mimi nikisikia kikohozi, nanyanyuka na kutoka barazani. Anapita. Akimaliza huko, anakohoa kutokea jikoni, natoka tena.

Na gemu hii haisimami.

Hapo ndipo penye msiba. Gemu nyingine unabonyeza kitufe na kila kitu kinaganda, unaenda hata sokoni. Hii hapana. Ukiacha pedi ya kuchezea, jitu linaendelea na kazi yake. Kwa hiyo kila mkwe alipotaka maji ya moto ya mtoto, mimi nilikuwa nakufa. Alipotaka uji wa mzazi, nakufa. Alipokumbuka chumvi, nakufa tena. Wiki nzima nimeuawa kwa heshima.

Jumatano nilifanya ujinga. Niliona aibu mkwe apite akute kwenye televisheni mtu mzima amelala chini anavuja damu, na ajue kwamba mtu huyo ni mimi. Nikachukua khanga ya mke wangu nikaifunika televisheni, nikatoka. Nikiwa barazani nikamsikia mkwe akipita, akasimama, akamwambia Koku aliyekuwa mgongoni kwake. Koku ana miezi miwili, na bibi yake anamwita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, hii televisheni ya baba yako inanyonyesha?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika mshono. Mimi nilicheka pia, lakini kwa nje tu.

Kwa sababu usiku uliotangulia mke wangu alikuwa ameniambia jambo, akidhani ni la kuchekesha. Mama yake alimuuliza kama shule zimefungwa kweli au ni mimi niliyefukuzwa. Alisema mwanaume aliyeoa, mwenye mtoto, anakaaje mchana kutwa anacheza kama wale wa darasa la tatu.

Limenichoma. Niandike tu ukweli, hapa kwangu. Mimi napika uji, nafua nepi, nachota maji yanapokatika, na bado nilijikuta nataka sana mwanamke yule asinione mtoto. Hatuwezi kukaa naye nikamweleza mimi ni nani. Hatutazamani hata usoni. Anachokijua kuhusu mimi ni kile anachokiona akipita, na akipita anakuta nimekufa.

Nilifikiria kuizima mashine mpaka atakaporudi kwao. Ingekuwa rahisi. Kiporo kingerudi kwenye sufuria na mimi ningevaa shati la kazi nikae na gazeti. Lakini hapo ningekuwa naigiza, na ningekuwa nimemkimbia Bwana Afya kwa mara nyingine, safari hii kwa kisingizio kizuri.

Basi leo nilikaa.

Siku zote hizi ugonjwa wangu ulikuwa mmoja. Nikimpiga jitu mara moja, naongeza ya pili, halafu naitaka ya tatu, na katika ile ya tatu nyundo inanikuta. Tamaa mbele, mauti nyuma. Leo nikaapa: pigo moja, kisha najitoa. Nikiona nafasi ya pili, naiacha ipite kama basi la njia nyingine. Inauma kuiacha. Unaona kabisa mgongo wake uko wazi, unajiambia hapana, unasubiri.

Mvua ilikuwa inapiga bati, mke wangu amelala, na mimi nilikuwa natafuna ulimi. Pigo moja. Kaa. Pigo moja. Kaa. Damu ya jitu, ule mstari unaoonyesha uhai wake, ikapungua mpaka nusu, likaanza ule wazimu wake wa pili, linaruka na kutwanga ardhi. Zamani hapo ndipo nilipokuwa nakimbia nyuma. Leo nikasogea mbele, chini ya kwapa lake, pale nyundo isipofika. Sikuwahi kufika pale nikiwa hai.

Damu yake ikabaki kidogo sana, utepe mwembamba tu. Mapigo mawili, labda matatu.

Mkwe akakohoa.

Jamani.

Ningeweza kujifanya sijasikia. Mvua ilikuwa kubwa, kisingizio kilikuwepo na kingekubalika. Mikono ilikataa kuachia pedi, ikaendelea kushika kwa sekunde ambazo nilizihisi zote. Halafu nikafikiria maji ya mtoto, nikamfikiria mama mzima amesimama koridoni na beseni anangoja mkwewe amalize kucheza. Nikaweka pedi juu ya kochi. Nikanyanyuka. Nyuma yangu nilisikia nyundo inashuka na mtu wangu anapiga ukelele.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango.

"Mke mwenzangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "mwambie baba yako arudi akae. Lile jitu halijafa."

Nikasimama kama niliyepigwa shoti.

"Mwambie afanye haraka, linamwua! Sisi tutasubiri. Maji bado ya moto."

Kumjibu moja kwa moja nisingeweza, na Koku hakuwa mikononi mwangu nimtume. Nilirudi mbio, nikaipata pedi, nikamkuta mtu wangu amebaki na damu ya kubahatisha. Mguso mmoja tu na tungekwisha. Jitu likaruka. Nikaingia chini ya kwapa. Likatwanga, likakosa. Pigo moja.

Kaa, nikajiambia. Mgongo ulikuwa wazi kabisa, mweupe, unaniita.

"Mwambie asiwe na tamaa," sauti ikasema.

Nikakaa. Nyundo ikapita palepale ambapo ningekuwa nimesimama. Nikasogea, nikapiga, na Bwana Afya akapiga magoti, akashika lango lake kwa mkono mmoja, akaanguka. Lango likafunguka lenyewe. Nyuma yake kulikuwa na anga na ngazi ndefu ambazo sikuwahi kujua zipo.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, nadhani ilikuwa Kihaya. Na nyuma ya pazia vikapigwa vigelegele, vile virefu vya harusini, mpaka Koku akaamka akaanza kulia na mke wangu akatoka chumbani anauliza nani kafa.

"Jitu," mama yake akamjibu.

Nikatoka barazani kama adabu inavyotaka. Mkwe akapita na beseni lake. Jirani aliyekuwa anakimbia mvua akanisalimia, nikamwitikia kwa kelele, mwalimu mzima. Nilitaka kuwapigia simu watu. Nilitaka kwenda hadi Kirumba kuwaambia wale wacheza mpira wanyanyuke.

Lakini kuna aliyenitangulia kupiga simu.

Dirisha la jiko linatazama barazani, na mkwe akiongea na simu huwa anaongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mbuga. Alikuwa anaongea na baba mkwe, kwa Kisukuma. Miaka niliyokaa Mwanza inatosha, nakielewa hata kama siwezi kukizungumza. Kwanza alimweleza ukubwa wa jitu, na hapo aliongeza chumvi, kwa maana hakuna jitu la kimo kile hata kwenye gemu. Akasema lilikuwa linamwua mkwe wao wiki nzima na yeye anaona, maana pazia lenyewe ni jepesi na mtoto analala vizuri akibebwa pale koridoni. Akasema ni yeye aliyemwambia mkwe arudi akae, bila yeye hakuna kilichokuwa kinaanguka. Mimi ni Mhaya na nilikuwa nasikiliza jinsi ya kujisifu.

Baba mkwe akauliza kitu. Sikukisikia, ila nilikikisia, kwa sababu mkwe alishusha sauti kidogo alipomjibu.

"Hapana," alisema. "Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini alikuwa amebakiza kidogo sana, na aliponisikia akaacha, akanyanyuka anipishe. Mtoto asingenyanyuka."

Maji yananirukia miguuni na sijahama. Nimeyaandika maneno hayo hapa haraka, kabla akili yangu haijaanza kuyapamba.

Kesho ni Jumapili. Tukitoka misa nitaiwasha ile ya ninja, na kabla sijaanza nitamtuma Koku amuulize bibi yake kama atakuwa na nafasi.